Nitafikiria, Dada

Dada akitaka kuja kwetu haombi miadi. Anatokea tu na kimfuko cha machungwa, anaamkiana na majirani mmoja mmoja kabla hajafika mlangoni, na akikuta hatupo anaacha machungwa dirishani na kwenda zake. Safari ile alipiga simu Jumatano. Akapiga Ijumaa. Jumapili asubuhi akapiga tena kuuliza kama wifi naye atakuwepo. "Nina jambo zuri, mdogo wangu," alisema. "Si la kwenye simu."

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata macho. "Hiyo fursa," alisema.

Neno lenyewe halikuwa na kosa zamani. Siku hizi, mjini Dar es Salaam, mtu akikwambia ana fursa, ujue fursa ni wewe.

Nimweleze dada kwanza, maana bila hilo utaniona mjinga kuliko nilivyokuwa. Ni mtoto wa mama mkubwa, yaani ni dada, basi; kwetu hakuna neno la kumsogeza mbali zaidi ya hapo. Mwaka niliochaguliwa kwenda kidato cha tano, nyumbani Muheza hapakuwa na kitu, na baba alikuwa kitandani. Dada alikuwa fundi cherehani. Alichukua kazi ya sare za shule mbili kwa mpigo, akawa anashona usiku kwa taa ya chemli, na ada ikapatikana, na godoro, na tranka, na nauli ya basi. Hajanikumbusha hata siku moja. Deni la namna hiyo ndilo zito, kwa sababu halina tarehe wala risiti. Huwezi kusema umelimaliza.

Basi akaja. Ilikuwa Februari, jua la Tabata linachoma bati, na yeye kavaa koti la suti. Machungwa hakuna. Alikuwa na begi jeusi, na ndani ya begi daftari kubwa, kalamu ya wino mwekundu na boksi moja la dawa ya meno. Akakataa chai mpaka amalize kwanza, na hapo ndipo moyo ulipoanza kunienda mbio, kwa sababu dada na chai hawajawahi kusubiriana.

Alifungua daftari akachora duara juu katikati ya ukurasa, akaandika ndani yake WEWE. Chini yake maduara sita. "Watu sita tu, mdogo wangu. Katika ukoo huu nani anakosa watu sita?" Kila duara likazaa sita mengine, yakawa madogo kama vifungo vya shati la mtoto, mpaka karatasi ikaisha. Mimi nilikuwa natazama mkono wake. Ni mkono uleule uliokuwa ukipiga mstari wa chaki kwenye kitambaa bila rula. Yalikuwa maduara mazuri sana.

Kifurushi cha kuanzia kilikuwa shilingi 240,000. Ukilipa unapata namba, boksi la bidhaa, na haki ya kuandikisha wengine. Dawa ya meno moja 15,000, wakati dukani kwa Mpemba wa mtaa wetu ipo ya 3,000 na inatoa povu vilevile. Kulikuwa na chai ya majani yasiyo na jina, na vidonge vya "kusafisha mwili," ambavyo dada alivitaja kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayetaja mganga. "Hivi haviuzwi dukani," alisema kwa fahari. Kampuni ina cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, akanionyesha picha yake kwenye simu. Ni kweli kilikuwepo. Lakini usajili wa BRELA unasema kampuni ipo. Hausemi kwamba hesabu zake zinajumlika.

Alipomaliza alinitazama. Na mimi, mtu mzima mwenye kazi na ndevu zenye mvi mbili tatu, nikasema, "Nitafikiria, dada."

Hapo ndipo nilipokosea, na kila kilichofuata kilitoka hapo. Kwetu "nitafikiria" ni hapana iliyovaa kanga. Kama "tutaona," kama "Mungu akijalia." Mtu aliyelelewa anaisikia, anainywea chai, anahamisha mazungumzo kwenye mvua. Dada naye alilelewa hivyohivyo; siku zote tumekataliana kwa namna hiyo na hakuna aliyeumia. Nilichokuwa sikijui ni kwamba alikuwa ameshafundishwa lugha nyingine.

Nilikuja kuisikia kwa masikio yangu wiki tatu baadaye, kwenye semina katika ukumbi mmoja wa Sinza, nilipokwenda "kumsindikiza tu." Muziki ulikuwa mkubwa saa tatu asubuhi. Kijana mwenye kipaza sauti aliandika ubaoni majibu manne ambayo ndugu watakupa: sina hela, sina muda, ngoja nimuulize mwenzangu, nitafikiria. Mbele ya kila moja kulikuwa na dawa yake. Mbele ya "nitafikiria" aliandika: huyu ni wako, mfuate ndani ya siku tatu. Ukumbi ukapiga makofi. Niliona adabu yetu yote, ya mama na bibi na kiambaza cha nyumba ya Muheza, imegeuzwa mlango na mtu kaupiga teke.

Usiku wa ile Jumapili ya kwanza mke wangu, ambaye anafundisha hesabu sekondari, alichukua ile karatasi ya maduara iliyosahaulika mezani. Hakusema kitu kibaya juu ya wifi yake. Alihesabu tu. Mtu mmoja anaingiza sita, sita wanaingiza 36, hao 216, hao 1,296. Mpaka hapo unaona ni kijiji. Lakini hesabu kila safu kama ghorofa, kutoka juu kwenda chini: ya saba wanatakiwa watu 279,936. Ya nane 1,679,616. Ghorofa ya kumi peke yake inataka watu 60,466,176. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, pamoja na watoto wa mgongoni na wagonjwa wa Muhimbili. "Hawa wa ghorofa ya kumi," mke wangu akauliza, "wao watamwingiza nani? Mbuzi?" Kisha akanionyesha jambo ambalo mimi nisingeliona: popote utakaposimamisha jengo hilo, kati ya kila wakazi wake sita, watano hivi wako ghorofa ya chini kabisa, ambako hakuna aliye chini yao wa kuwalipa. Si kwamba wamezembea. Jengo limechorwa hivyo.

Nikalijua hilo, na bado nikalipa.

Ilikuwa ziara yake ya tatu. Alikuwa amekonda. Alisema amebakiza mtu mmoja kufika daraja fulani, na mwezi unaisha Alhamisi. Nikakumbuka taa ya chemli. Nikasema, "Dada, mimi kuzungusha watu siwezi, lakini chukua hizi." Nikamtumia 240,000 kwa simu. Akapiga picha kitambulisho changu, "ni kwa ajili ya usajili tu," nami nikakishika vizuri ili kisionyeshe kivuli. Moyoni nilijiona nimefanya jambo la busara: sijaingia, nimemsaidia dada, undugu umepona, na kile kiporo cha ada ya kidato cha tano nimekipunguza. Kumbe nilimuuzia jina langu, tena nikamlipa ili alichukue.

Kesho yake picha aliyonipiga siku hiyo ilikuwa kwenye kundi la ukoo. Watu 63, kuanzia Muheza mpaka Muscat. Mimi na boksi la dawa ya meno, nimetabasamu kama mtu aliyeshikiwa fimbo, na chini yake maneno: Karibu kwenye familia, mdogo wangu. Hilo nalo nililitazama kwa muda. Familia ipi tena nakaribishwa? Ningeweza kuandika sentensi moja tu, kwamba nimempa dada zawadi, sijajiunga na kitu. Vidole vilikuwa juu ya simu. Nikaona nitamwaibisha mbele ya wajomba. Nikaweka dole gumba.

Na ndiyo ilivyo biashara yenyewe. Watu wanaibishania dawa ya meno, kama inang'arisha au haing'arishi, na hapo wanakuwa wameshapotea njia. Mtu hajawahi kununua dawa ya meno ya 15,000 kwa sababu ya meno. Ananunua kwa sababu aliyeileta ni dada, au mwalimu aliyemfundisha mwanawe, au mama wa kwaya. Kinachouzwa ni ile imani ambayo imejengwa kwa miaka thelathini ya misiba na harusi na sahani za pilau zilizopelekwa kwa jirani. Kampuni haikuijenga hiyo imani wala haikuilipia. Inaivuna, na ikiisha katika ukoo mmoja inahamia mwingine.

Nasema kuvuna makusudi. Wanaokumbuka mchezo wa fedha wa DECI wa mwaka 2009 wanakumbuka kwamba watu hawakuambiwa wanawekeza. Waliambiwa wanapanda mbegu, watavuna. Maneno ya shamba na ya madhabahuni, yaliyozoeleka, yasiyo na harufu ya udanganyifu. Serikali iliifunga mwaka huohuo, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu. Wenzetu Kenya nao walikuwa wametoka kwenye msiba wa namna hiyo: kamati ya serikali iliyoundwa mwaka 2009 ilikuta watu zaidi ya 148,000 wamepoteza shilingi za Kenya zaidi ya bilioni 8. Hizo zilikuwa hela kwa hela, bila hata boksi la sabuni. Hizi za siku hizi zina bidhaa, na bidhaa ndiyo inayofanya iwe vigumu kusema hapa ni biashara na hapa si biashara. Namna ya kupima niliyokuja kuiona inafaa ni kuuliza swali moja tu: mwezi uliopita, nani alinunua kitu kwako ambaye hajajiunga na wala hatajiunga? Kama jibu ni kimya, basi wanunuzi na wauzaji ni watu walewale, na hela inayopanda juu ni viingilio vyao.

Ila neno upatu nalitetea. Sheria imelikamata neno la bibi zetu na kulivika pingu. Mama mdogo wa Korogwe anacheza upatu na wenzake tisa, kila mmoja 20,000 kwa wiki. Mmoja anapokea 200,000, wiki ijayo mwingine, mpaka zamu zinaisha. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Hakuna wa chini wala wa juu, na anayekwepa anajulikana nyumba yake. Huo ni mduara. Lile jengo la mke wangu ni kitu kingine, na linastahili jina lake lenyewe.

Na mama mdogo ndiye aliyenipigia simu, mwezi wa sita.

"Mwanangu, shikamoo yangu umeisahau siku hizi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka kukuuliza. Hizi dawa zako za meno, nikikosa wa kumuuzia, nazirudisha wapi?"

Zako. Nilikaa kitandani. Alieleza polepole, bila lawama yoyote, kama mtu anayeulizia ratiba ya basi. Zamu yake ya upatu iliangukia mwezi wa tatu. Alikuwa ameipangia bati la jikoni. Dada alimpigia, akamweleza, hakuelewa vizuri mambo ya maduara. Akaonyeshwa picha yangu. "Nikasema, kama yule aliyesoma ameingia, mimi nani? Nikaongeza elfu arobaini juu ya zile laki mbili." Ameshawafuata wote wa upatu na wote wa kanisani, na wanawake wawili hawapiti tena mbele ya nyumba yake. Jiko bado linavuja.

Nililokosa kumwambia dada kwa upole mwezi wa pili, nilimwambia kwa ukali mwezi wa sita. Nilimtumia habari za DECI, habari za Kenya, kila kitu. Nilimtumia hata taarifa ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ya mwaka 2024, iliyopitia takwimu za mapato zilizotolewa na kampuni 70 za biashara ya mtandao zenyewe na kukuta kwamba katika nyingi ya hizo, wengi wa washiriki walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na hapo gharama zao hazijatolewa. Huko ambako michezo hii imekomaa! Nilidhani takwimu zitasema kile nilichoshindwa kukisema. Alijibu kwa sauti iliyorekodiwa, sekunde kumi na moja: "Mdogo wangu, una mawazo mgando. Nilishaambiwa kwamba ndugu ndio watakuwa wa kwanza."

Na kweli alishaambiwa. Yule kijana wa Sinza aliwaambia wote: mtachekwa, mtatukanwa, na watakaoanza ni wa damu yenu, kwa sababu hawataki mfike. Kwa hiyo kila habari niliyotuma ilikuwa inatimiza utabiri wake. Nilikuwa namsaidia kazi yule kijana, bila malipo. Kama una ndugu aliye ndani ya jambo hili na unamrushia takwimu, jua kwamba wenzako walishapita kabla yako na kumvika ngao.

Tulikaa miezi mitatu bila kusemezana. Kwenye arobaini ya mjomba, dada alikaa upande wa jikoni na mimi upande wa turubai, na watu wakaona. Kundi la ukoo likanyamaza. Hata salamu za asubuhi zenye picha za maua zilikoma. Wapo waliokuwa wamejiunga na wakamchukia dada, wapo waliokuwa wamejiunga na wakanichukia mimi kwa sababu sikuwaambia mapema. Hawa wa pili ndio waliokuwa na haki.

Aliyetoa njia ni mke wangu, naye hakutoa nasaha, aliuliza tu: "Wewe umeshamwomba radhi?"

"Mimi? Nimwombe radhi kwa lipi?"

"Ulimwambia utafikiria. Ulikuwa unafikiria?"

Nikaenda Mbagala Jumamosi, peke yangu, na machungwa. Chumba chake kilikuwa na kitanda, na chini ya kitanda, na juu ya kabati, na nyuma ya mlango, maboksi. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka, na juu ya shuka maboksi mengine. Hakunikaribisha kwa furaha, ila alichemsha chai, na chai ikishachemshwa kuna mambo yanawezekana. Nikamwambia: "Dada, nilikudanganya. Siku ile ya kwanza sikuwa nafikiria. Nilikuwa nimeshakataa, nikaogopa kukwambia. Kisha nikakupa hela na jina, nikakuacha uende nalo kwa mama mdogo. Nisamehe."

Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Ungeniambia hapana siku ile, ningekasirika wiki moja."

Hapo ndipo aliponieleza, bila kuulizwa. Zile shule mbili zilikuwa zimehamishia sare kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayeshonesha kwa jumla. Wateja wa magauni walikuwa wameanza kununua yaliyoshonwa tayari. Alikuwa na miaka 51, anarekebisha zipu. Siku ya kwanza ya semina walimwita mbele, wakamtaja jina lake lote, wakamwita Kiongozi, na ukumbi ukasimama kumpigia makofi. "Mimi nimeshona miaka thelathini," alisema. "Hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi kwa sababu ya pindo." Mimi nilikuwa nimejiandaa kukuta tamaa. Sikuiona. Na nilipojiuliza lini mara ya mwisho nilimpigia dada simu nikiwa sina shida, sikupata jibu zuri.

Ndipo akaleta daftari. Kila bonasi ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu, tarehe na kiasi, mwandiko wa mtu anayejivunia. Upande wa matumizi ulikuwa mweupe. Hawafundishwi kuuandika. Tukaujaza pamoja: mimi nikisoma jumbe za malipo kwenye simu yake, moja moja, kurudi nyuma miezi kumi na minne, yeye akiandika. Kifurushi chake cha daraja la juu, 480,000. Ununuzi wa kila mwezi ili asishuke daraja, 90,000, mara kumi na nne, 1,260,000. Viingilio vya semina na nauli, 310,000. Halafu kukawa na jumbe zinazotoka kwa jina nisilolijua, kila Ijumaa. "Hizi?" nikauliza. Akasema, "Kausha damu." Alikuwa amekopa kwa wale wakopeshaji wa mtaani ili anunue bidhaa ambazo tayari zilikuwa zimejaa chini ya kitanda. Riba peke yake 240,000.

Akajumlisha mwenyewe, kwa kalamu, kama anavyojumlisha vipimo: 2,290,000 zimetoka. Bonasi 386,000 na mauzo 275,000 zimeingia. Alikaa akiitazama ile 1,629,000 ya chini, kisha akapiga mstari chini yake, mstari mnyoofu, bila rula.

Sikumwambia aache. Niliwahi kumwambia na sikusikilizwa, na safari hii karatasi ilikuwa inasema kwa mwandiko wake mwenyewe. Nilimwambia mambo mawili tu. Kwamba nitaandika kwenye kundi la ukoo kuwa mimi sijajiunga na sikuwahi, na kwamba hilo ni kosa langu na si lake. Aliona nilichoandika kabla sijakituma, akanirekebisha neno moja. Na kwamba ile kausha damu tunaimaliza pamoja, na hiyo ni zawadi, haina namba ya usajili. Mwezi uliofuata hakufanya ule ununuzi wa kila mwezi. Daraja likashuka. Kiongozi aliyekuwa juu yake, aliyekuwa akimpigia kila asubuhi kumtia moyo, alipiga mara mbili kisha akakoma.

Watu huniuliza ningefanya nini kama angekuja leo. Ningemwachia avue koti kwanza. Ningemtilia chai, anywe, kisha ningesema kabla begi halijafunguliwa: dada, biashara hiyo siingii, na watu sitakupa, na jina langu usilitaje, sasa niambie kazi ya kushona inaendaje. Angenuna. Pengine angeondoka na machungwa yake. Jumapili ya tatu angerudi, maana namjua.

Hela za mama mdogo nilimpelekea mwenyewe Korogwe, mwezi wa kumi na moja. Kutuma kwa simu kungekuwa rahisi, na ndiyo maana sikutuma. Alizipokea kwa mikono miwili, akazihesabu, akarudisha elfu kumi: alikuwa ameuza boksi moja kwa bei hiyo, hakutaka kulipwa mara mbili. Sikujua pa kuiweka ile noti. Usiku mvua ilinyesha, tukasogeza sufuria jikoni kukinga maji, tukacheka kidogo.

Asubuhi alinibishia hodi. Alikuwa ameniwekea maji ya uvuguvugu kwenye kopo, kanga safi ya kujifutia, mswaki mpya wa dukani, na juu ya ukingo wa ukuta, dawa ya meno kwenye boksi lake. Nilisoma nyuma. Muda wake ulikuwa umeisha Agosti.

"Imeisha muda?" aliuliza kutoka jikoni.

"Bado, mama," nilisema.

Nikasimama na ule mswaki mkononi, maji yanapoa. Kisha nikaenda mpaka mlangoni mwa jikoni, alipokuwa anapuliza moto, nikamwambia: "Imeisha, mama. Tangu mwezi wa nane."

"Basi weka hapo," akasema. "Chumvi iko kwenye kifuu."